Sahani ya Kwanza ya Bi Hakilali

Waliosema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, hawakuwa wavivu wa kutangaza biashara. Walikuwa watu waliokwisha kuumwa na matangazo. Walimaanisha kwamba kitu kizuri hakihitaji kushikwa mkono na kuzungushwa mitaani. Watu watakitafuta wenyewe hata kikijificha uvunguni. Kitu kibaya nacho hakitulii. Lazima kipige kelele, kijipambe, kikungoje njiani na kukuvuta shati. Anayebisha na asikilize yaliyompata Bi Hakilali na mkahawa wake, kisha abishe akiwa ameshiba habari.

Mkahawa huo ulikuwa chumba kimoja kirefu kwenye barabara ya mafundi, kati ya duka la vioo na banda la fundi viatu. Ndani mlikuwa na meza za mbao zilizosuguliwa mpaka zikang'aa, ubao wa kuandikia chakula cha siku, na dirisha pana la kuonea jikoni, lisilo na kioo wala pazia. Mteja aliyetaka kuona vitunguu vikikatwa aliviona. Aliyetaka kujua kama mpishi amenawa mikono alijua, na asiporidhika alikuwa na ruhusa ya kusema.

Jina la Bi Hakilali alipewa na wateja. Mtu akimwomba amwekee sahani mpaka kesho yake, alijibu bila kuinua kichwa, "Hapa chakula hakilali." Kilichobaki jua likizama kiligawiwa walinzi na wachukuzi wa mizigo, sufuria zikasuguliwa na kuinamishwa, na asubuhi moto ukawashwa upya kwa chakula kipya. Si kwamba mama huyo alidharau kiporo. Nyumbani kwake alikula kiporo na chai kama binadamu wengine, tena akilamba vidole.

"Kiporo changu nakijua," alizoea kusema. "Lakini mtu akinilipia chakula cha leo nami nikampa cha jana, huyo nimemwibia huku namchekea."

Alikuwa na desturi nyingine iliyowashangaza wageni. Kila siku mchana, kabla mteja yeyote hajahudumiwa, Bi Hakilali alivua aproni, akaketi kwenye meza iliyo karibu na mlango, akapakuliwa sahani ya kwanza kutoka kila sufuria. Alikula mbele ya watu wote, polepole, huku wenye njaa wakimeza mate. Akimaliza alifuta mdomo na kusema, "Karibuni." Hapo ndipo vijiko vilipoanza kugongana.

"Shemeji," fundi viatu alimtania siku zote, "siku moja utamaliza sufuria, sisi tubaki tunakula harufu."

"Basi na wewe siku moja vaa viatu unavyoshona, tuone kama utafika nyumbani," Bi Hakilali alimjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka alipofika Bwana Kipaza. Alikodi jengo la ng'ambo ya barabara, akalipaka rangi nyekundu ya kuumiza macho, akatundika taa za rangi zilizowaka mchana kweupe. Juu ya mlango alifunga spika kubwa, na kipaza sauti hakikumtoka mkononi. "Njoo ule, njoo ushibe! Chakula cha wafalme kwa bei ya maskini!" Kama hiyo haikutosha, alikodi wapiga debe waliosimama njiani wakiwashika wapita njia mikono. Mtu aliyekuwa anakwenda zake kununua misumari alijikuta ameketishwa mezani na kijiko mkononi, hajui amefikaje.

Wateja ni watu, na watu hupenda kipya. Wakaanza kuvuka barabara, mmoja mmoja, wakipita mbele ya mlango wa Bi Hakilali huku wakijifanya wanatazama saa zao. Viti vikaanza kubaki vitupu. Kila jioni walinzi na wachukuzi walipata sufuria zilizojaa zaidi, wakamwombea dua ndefu zaidi, lakini dua hazilipi kodi ya mkahawa.

Aliyeumia zaidi alikuwa mdogo wake wa kiume, mhudumu wa meza, aliyeitwa Chapuchapu kwa kuwa hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alimpenda dada yake kama mboni ya jicho. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na mkahawa huo ndio uliomvika na kumsomesha.

"Dada, tunalisha mtaa mzima bure," alilalamika. "Mwenzetu kule hamwagi hata ukoko. Cha jana anakitia viungo, kinageuka cha leo."

"Umekiona kwa macho yako?"

"Sikukiona, lakini nina pua."

"Basi pua yako ikufundishe adabu," Bi Hakilali akasema. "Sisi tuendelee na yetu."

Hata hivyo, usiku moyo haukutulia. Alisugua meza ambazo hazikuchafuka, kisha akazisugua tena. Alikuwa na mteja mmoja tu kutoka ng'ambo: mama mwosha vyombo wa Bwana Kipaza, aliyekuja kila mchana na bakuli la buluu lenye kifuniko. Mara ya kwanza alinong'ona kwa aibu, fundi viatu akisikia kutoka meza ya jirani, "Ni cha mgonjwa wetu. Tumbo lake halitaki chakula cha ovyo." Tangu siku hiyo Bi Hakilali alikuwa akimpunguzia mgonjwa huyo chumvi na kumchagulia nyama laini, bila kuuliza ni nani. Mgonjwa ni mgonjwa.

Asubuhi moja akaja mwenye nyumba, mwanamke mwenye hatua za haraka na shada la funguo kiunoni lililomtangulia kwa mlio. Mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Hakuketi.

"Bibie, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini jirani yako wa ng'ambo anakitaka chumba hiki, na kila siku ananiambia kwamba hapa wanakula inzi peke yao. Kesho mchana nitakuja kula. Nikikuta watu, utaendelea kukaa. Nikikuta viti, usinilaumu."

Bi Hakilali aliitikia kwa kichwa. Mama huyo alipoondoka, alizitazama meza zake moja moja. Chumba hicho ndicho kilichokuwa maisha yake. Hakuwa na kingine cha kumwachia mdogo wake, wala mahali pengine pa kuweka meko yake.

Chapuchapu hakungoja kuambiwa. Siku hiyo alizunguka mtaa mzima akiwasihi wateja wa zamani: fundi viatu, wauza vioo, wauguzi wa zahanati, madereva, hata kinyozi aliyekuwa hajaonekana tangu spika ifungwe. "Kesho tu, jamani. Msituache tukaaibika." Wote waliahidi. Jioni aliporudi alikuta sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama imebaki karibu nzima, maana wateja wa siku hiyo walikuwa wa kuhesabika. Akaitazama. Akawaza watu atakaowaleta kesho, na nyama waliyoagiza ambayo haingewatosha hao wote. Dada yake alikuwa nyuma ya nyumba akiosha mboga. Chapuchapu aliwaambia wachukuzi kwamba leo hakuna kitu, akaifunika sufuria ile na kuificha ghalani kwenye baridi. Alfajiri aliichemsha kabla dada yake hajafika, na dada alipotoka jikoni kwenda kuandika ubaoni, akaimimina kwenye mchuzi mpya.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi yasiyofikiri ni mwizi mwenye funguo za nyumba.

Siku iliyofuata mchana nyumba ilijaa pomoni. Watu walikaa bega kwa bega, wengine wakasimama ukutani. Mama Funguo aliketi katikati, akatazama kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Chapuchapu alikuwa akikimbia huku na kule, jasho linamtiririka, meno yote nje. Bi Hakilali alivua aproni, akaketi kwenye meza yake ya mlangoni, akapakuliwa sahani ya kwanza. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

Alionja wali. Ukampendeza. Alionja mboga. Zikampendeza. Akatia kijiko kwenye mchuzi, akatafuna kipande cha nyama, kikamkaza meno kama ilivyostahili. Akachukua cha pili. Hicho kiliachana nyuzi nyuzi kabla hakijafika kooni. Akala cha tatu, kigumu. Cha nne, nyuzi. Mpishi wa kweli hahitaji kuambiwa. Sufuria moja ilikuwa na nyama ya mioto miwili, wa leo na wa jana.

Akageuka akamtazama mdogo wake. Chapuchapu alikuwa amesimama katikati ya chumba na sinia mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa hakimbii.

Wateja walingoja neno "Karibuni." Mama Funguo alikuwa tayari ameshika kijiko. Bi Hakilali aliyaona yote kwa mara moja: chumba kilichojaa, ufunguo uliokuwa karibu kubaki wake, mchuzi mzuri ambao hakuna hata mmoja miongoni mwa watu hao angeushtukia. Usingemdhuru mtu. Kunyamaza tu kulitosha. Kula, futa mdomo, sema neno moja.

Akasimama.

"Jamani, nisameheni," alisema. "Mchuzi huu haujachacha, wala hauna sumu. Lakini ndani yake mna nyama ya jana, na mimi nimewaambia miaka yote kwamba hapa chakula hakilali. Siwezi kuwauzia. Atakayeweza kusubiri, ninawasha moto upya. Asiyeweza, aende kwa amani, ni kosa langu."

Kisha viti vikaanza kuburutwa. Watu walikuwa na njaa na kazi zilikuwa zinawangoja. Wengine waliguna, wengine walicheka pembeni. Watu wakatoka chumbani kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka. Wachukuzi waliokuwa nje waliitwa, wakaambiwa ukweli kwamba mchuzi ni wa jana na wa leo, wakala bure na kushukuru.

Mama Funguo alisimama mwisho. "Bibie, nilikuja kuona nyumba iliyojaa. Nimeiona, na sasa naiona tupu. Ahadi ni ahadi. Kesho mchana nitampelekea mwenzako ufunguo."

"Ahadi ni ahadi, mama," Bi Hakilali alijibu.

Waliobaki walikuwa fundi viatu na muuguzi mmoja. Walisubiri mpaka mboga mpya zikaiva, wakala bila maneno mengi. Chapuchapu alijiinamia jikoni, kichwa magotini.

"Haukuchacha, dada," alilia. "Niliuonja. Nilitaka tu tusifukuzwe."

"Sikusema umechacha. Nimesema umelala." Bi Hakilali akakaa kando yake kwenye gunia la viazi. Alikuwa na hasira ya kumpiga kibao na huruma ya kumkumbatia, na mikono haikujua ianze na lipi. "Sikiliza, mdogo wangu. Chumba ni cha Mama Funguo, ana haki ya kukichukua. Neno langu ni langu. Nikiliuza hilo, hata nikipewa mtaa mzima nitapikia wapi?"

Mwishowe mikono ilichagua kumkumbatia. Lakini alimwambia pia kwamba kuanzia kesho sahani ya kwanza wataila wote wawili, ili ulimi wa kijana usimdanganye tena.

Ng'ambo nako ilikuwa sikukuu. Bwana Kipaza alipopata habari hakuweza kuzuia furaha. Akakamata kipaza sauti chake, na tangu alasiri hiyo mpaka kesho yake barabara nzima ilisikia: "Jamani, wamekiri wenyewe! Ng'ambo wanapika cha jana! Mwenyewe amesimama akasema kwa mdomo wake! Njooni kwetu!"

Mjinga akipewa ngoma, huipiga mpaka ipasuke. Watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Bi Hakilali sasa walizisikia kila dakika. Mafundi wakaulizana kwenye mabanda yao: ni mwanamke gani huyo anayefukuza wateja waliojaa kwa sababu ya nyama ya jana? Mchuzi mzima, na mwenye nyumba amekaa hapo hapo? Kwa nini hakunyamaza? Jambo likawa tamu midomoni.

Mchana wa siku ya pili Bi Hakilali alipika kidogo, kama mtu anayeaga. Aliandika chakula cha siku ubaoni, akamjazia mama mwosha vyombo bakuli lake la buluu, chumvi kidogo, nyama laini. "Mpe pole mgonjwa," alisema. "Huenda kesho nisiwepo." Mama huyo alilifunika bakuli, akatoka. Bi Hakilali na mdogo wake wakaketi kwenye meza ya mlangoni na sahani mbili. Kutoka hapo walimwona Mama Funguo upande wa pili, amesimama mlangoni kwa Bwana Kipaza, ufunguo mkononi, akingoja amalize kutangaza.

"Wamekiri wenyewe!" spika ilinguruma. "Cha jana!"

Hapo fundi viatu akatoka kwenye banda lake na kuvuka barabara, aproni ya ngozi kifuani. "Bwana mkubwa," alisema, na kwa kuwa alisimama karibu na kipaza sauti, maneno yake yalitoka juu kwa barabara yote. "Yule amekiri ya sufuria moja. Wewe umewahi kukiri ya ngapi?"

"Mimi sina cha kukiri!" Bwana Kipaza alicheka. "Changu ni kipya kila siku!"

"Basi vizuri. Yule hula sahani ya kwanza mbele ya wateja. Na wewe kula tukuone."

Wapita njia wakasimama. Hata wapiga debe waliacha kuvuta watu. "Ale!" mtu akapaza sauti. "Ale tuone!" wengine wakaitikia. Sahani ikaletwa kutoka jikoni kwake, mchuzi umejaa, ikawekwa mbele yake. Bwana Kipaza aliitazama sahani kama mtu anayetazama deni.

"Mimi... mimi nimeshiba," spika ikasema kwa sauti ndogo.

"Umeshibia wapi?"

"Nyumbani."

Bi Hakilali aliyasikia yote, kijiko kimesimama hewani. Na hapo hapo, yule mama mwosha vyombo, ambaye alikuwa amechelewa kwa sababu ya msongamano, alijipenyeza katikati ya watu na bakuli la buluu, amelibeba kwa mikono miwili.

"Bosi, samahani, watu wamejaa," alisema, na spika ikayatangaza maneno yake kwa mtaa mzima. "Chakula chako hiki hapa, bado cha moto. Wamekupunguzia chumvi kama kila siku. Na mwenyewe anasema anakupa pole."

Halafu kikalipuka kicheko ambacho kiliwatoa mafundi wote mabandani. Fundi viatu alishika tumbo. "Kumbe mgonjwa wetu ni wewe! Tumbo halitaki chakula cha ovyo!" Wapiga debe wenyewe walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Bwana Kipaza alipapasa kutafuta swichi ya kuzima spika, akaikosa, na pumzi zake nzito zikaendelea kusikika juu ya mlango.

Mama Funguo hakucheka. Aliurudisha ufunguo kiunoni, akavuka barabara kwa hatua zake za haraka, na nyuma yake wakavuka watu. Walikuja mafundi na madereva, wauguzi na kinyozi, wale walioondoka jana na wale ambao hawakuwahi kuingia. Walijaza viti, wakajaza kuta, wakapanga mstari mpaka kwenye duka la vioo. Hakuna aliyewashika mkono.

Mama Funguo akasimama mbele ya meza ya mlangoni. "Ahadi yangu ilikuwa kuona watu," alisema. "Basi nimewaona. Chumba ni chako mpaka utakapochoka wewe. Maliza hiyo sahani haraka, bibie, nina njaa."

Bi Hakilali alikula akitokwa machozi, na hakuyaficha, maana yalikuwa machozi ya mtu aliyeshinda. Chapuchapu alimeza tonge la mwisho, akafuta mdomo, akamtazama dada yake. Dada yake akaitikia kwa kichwa.

"Karibuni!" Chapuchapu akapaza sauti, na vijiko vikagongana mpaka barabara ikasikia.

Chakula kilichopikwa kidogo kiliisha upesi, moto ukawashwa tena, na waliongoja walingoja bila kuguna. Tangu siku hiyo nyumba haikukauka watu. Haukupita muda taa za rangi za ng'ambo zikazimika, spika ikashushwa, na mama mwosha vyombo akahamia upande wa pili na mikono yake hodari. Mchana mmoja hata Bwana Kipaza mwenyewe aliingia, bila kipaza, akitazama sakafu. Wateja wakageuza shingo kuona Bi Hakilali atasema nini.

"Karibu, mgonjwa wetu," alisema, akimvutia kiti. "Chumvi nipunguze, au umeshapona?"

Bwana Kipaza akacheka kwa aibu, akaketi, akala, akalipa, na kesho yake akarudi tena kwa miguu yake mwenyewe. Wahenga walikuwa wameshatoa hukumu zamani: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.